Mpango wa Maji wa Kanda: Maana Yake

Mpango wa maji wa kanda ni hesabu ya muda mrefu inayolinganisha maji ambayo eneo zima linaweza kuyapata kwa uhakika na maji ambayo wakazi, mashamba, viwanda na mitambo yake ya umeme vitayahitaji miaka mingi ijayo, kisha kueleza upungufu utakaojitokeza utazibwa vipi, lini na kwa gharama ya nani. Kanda hapa si lazima iwe eneo la kiutawala. Mara nyingi mpaka wake hufuata bonde la mto, kwa kuwa mji wa juu ukijenga bwawa, ni mji wa chini unaoona mto ukipungua.

Uzito wa maana hiyo umo katika maneno "kwa uhakika". Mpangaji makini hategemei mvua ya mwaka wa kawaida, bali hupima kiasi ambacho chanzo kitaendelea kutoa wakati wa ukame mkali. Jimbo la Texas nchini Marekani, ambalo sheria yake ya mwaka 1997 ilianzisha utaratibu huu katika kanda 16, hutazama miaka 50 mbele, hupitia upya mipango kila baada ya miaka 5, na kwa sehemu kubwa hutumia ukame wa miaka ya 1950 kuwa kipimo. Nini hutokea akiba isipotosha, Cape Town ilikiona mwaka 2018, wakazi walipotakiwa kutumia lita zisizozidi 50 kila mmoja kwa siku.

Tuchukue mji wa kubuni wenye watu 500,000, kila mmoja akitumia lita 120 kwa siku. Mahitaji ni lita milioni 60, lakini mabomba yakivujisha asilimia 30 ya maji yanayosukumwa, mtambo utalazimika kuzalisha karibu milioni 86, yaani takriban mita moja ya ujazo kila sekunde, usiku na mchana, na hapo hakuna kiwanda hata kimoja kilichohesabiwa. Ndiyo maana kuziba mivujo huhesabiwa kuwa chanzo cha maji sawa na bwawa au kisima kirefu, na kwa maoni yangu ndicho kinachostahili kutangulia, ingawa hakina sherehe ya uzinduzi.

Uhusiano wa mpango huu na uchumi umo zaidi katika muda. Kiwanda chaweza kujengwa kwa miaka miwili, ilhali bwawa kubwa, kuanzia upimaji na fidia hadi kujaa, laweza kuchukua zaidi ya kumi. Anayesubiri mwekezaji aje ndipo atafute maji huwa amechelewa. Hata hivyo, makadirio ya ukuaji yakitiwa chumvi, bwawa litajengwa kwa mkopo, wateja waliotarajiwa hawatatokea, na deni litaingia katika ankara za wachache waliopo.