Kitongoji ni nini? Ardhi na historia ya kitongoji cha wakulima Usukumani

Neno kitongoji huwachanganya wasomaji kwa sababu halina maana moja Afrika Mashariki nzima. Nchini Kenya husikika zaidi katika maneno vitongoji duni, yaani makazi ya mabanda ya mjini kama Kibera. Nchini Tanzania, neno hilohilo humpeleka msikilizaji mashambani. Ndani ya Jiji la Mwanza watu huishi katika mitaa na huongozwa na wenyeviti wa mitaa. Ukitoka jijini na kuingia Misungwi, Magu au Kwimba, mtaa unakoma na kitongoji kinaanza. Mamlaka za miji midogo nazo hugawanywa katika vitongoji.

Kisheria, kitongoji cha mashambani ni sehemu ya kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inakitambua, na mwenyekiti wake, anayechaguliwa na wakazi, huingia moja kwa moja katika Halmashauri ya Kijiji. Uchaguzi wa karibuni ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Hata hivyo, usimamizi wa ardhi hauko mikononi mwa kitongoji: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliukabidhi kwa Halmashauri ya Kijiji.

Maelezo hayo ni sahihi, lakini kwa maoni yangu hayatoshi, kwa kuwa mtu anaweza kuyakariri yote na bado asielewe kwa nini kaya za kitongoji zimekaa pale zilipo. Usukumani jibu liko kwenye udongo. Chukua kitongoji chochote kusini mwa Ziwa Victoria na ukitembee kutoka juu kwenda chini. Juu kuna kilima cha mawe ya matale, mengine yamepandana kama yaliyopangwa kwa mkono, na katikati yake miti michache na nyasi za mbuzi. Chini kidogo unaanza udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, mwepesi kwa jembe na mkarimu kwa muhogo, karanga na viazi vitamu. Hapo ndipo nyumba nyingi hujengwa, kwa sababu maji ya mvua hayatuami. Ukiendelea kushuka unakutana na itogolo, ardhi yenye tabaka gumu chini yake, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa malisho na ambayo sasa, katika sehemu nyingi, imekatwa majaruba ya mpunga yenye kingo za udongo za kuzuia maji. Mwisho kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi mbuga hupasuka nyufa ambazo kiganja cha mtu mzima hupenya bila shida. Mvua zikinyesha, udongo uleule hung'ang'ania nyayo na magurudumu ya mkokoteni. Mvua zinapokaribia kuisha, wakulima hupanda dengu humo, nazo hukua kwa unyevu uliobaki ardhini.

Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa na kituo chake Amani mkoani Tanga, aliuita mfuatano wa namna hii katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Wakulima walikuwa na majina ya kila pingili ya mnyororo huo muda mrefu kabla yake, na waliyatumia kuamua zao lipandwe wapi. Kaya yenye kipande kidogo cha kila aina ya udongo ilikuwa na kinga: mvua zikiwa haba, mbuga bado hutoa chochote, zikizidi, muhogo wa juu haufi kwa maji.

Mgawanyo wa watu nao ni wa zamani kuliko sheria. Chini ya mtemi, yaani mtawala wa jadi, eneo la ujirani liliitwa gunguli na lilikuwa na kiongozi wake, ng'wanangwa. Vijana walilima kwa zamu katika mashamba ya wenzao chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Wajerumani na baadaye Waingereza waliwatumia watemi kukusanya kodi na kuhimiza kilimo cha pamba, na Serikali ya Tanganyika huru ikaufuta utemi mwaka 1963. Pamba ilibaki: mbegu zenye alama ya UK zilitoka katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Misungwi, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya ukanda huu viliungana katika shirikisho lililojulikana kama Victoria Federation, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa waasisi wake.

Badiliko kubwa kuliko yote katika sura ya kitongoji lilikuja na Operesheni Vijiji, mpango wa Serikali wa kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja, miaka ya katikati ya 1970. Kabla ya hapo kaya za Kisukuma zilitawanyika, kila moja katikati ya mashamba na mifugo yake, ikizungukwa na ua wa minyaa. Ghafla zilitakiwa kusogea kando ya barabara na kujipanga kwa mistari, na mashamba yakabaki mbali. Sielewi hata leo ni vipi mpango uliolenga kuwafikishia watu shule, zahanati na maji ulipuuza kiasi hicho elimu waliyokuwa nayo kuhusu udongo wao. Katika miaka iliyofuata, kaya nyingi zilirudi taratibu kwenye mahame, yaani makazi yaliyokuwa yameachwa.

Mahame hutambulika kwa urahisi: minyaa iliyokua bila kupogolewa, na pengine jiwe la kusagia lililochimbika katikati, limezama nusu ardhini. Mpaka wa kiserikali uliochorwa baadaye haukufuata alama hizi wakati wote. Ndiyo maana si ajabu kukuta mzee anayehudhuria mikutano ya kitongoji kimoja, huku majaruba yake yakiwa upande wa pili wa mbuga, katika kijiji kingine, na malalamiko yake kuhusu mifugo iliyoingia shambani yakilazimika kupita kwa wenyeviti wawili.