Kipandikizi Kimetoa Majani: Je, Kihamishwe?

Swali ninaloulizwa zaidi kuhusu vipandikizi vya miti, yaani vipande vya matawi vinavyopandwa ili vitoe mizizi, ni iwapo majani mapya yanatosha kuwa ishara ya kukihamishia kipandikizi kwenye chungu chake. Hayatoshi. Kipande cha tawi hukatwa kikiwa na akiba ya wanga ndani yake, na akiba hiyo, pamoja na maji yanayofyonzwa kupitia sehemu iliyokatwa, huweza kulisha machipukizi kwa wiki kadhaa kabla hata mzizi mmoja haujatokea. Nilipokuwa mgeni katika kazi ya kitalu nilihamisha vipandikizi vya mforsadi vilivyokuwa na majani ya kupendeza, na baada ya siku chache vyote vilinyauka; nilipoving'oa nilikuta uvimbe mweupe wa kovu kwenye kitako cha kila kipande, na mizizi hakuna.

Tangu hapo naangalia mizizi. Wengi huvuta kipandikizi taratibu ili kuona kama kimeshika, lakini njia hiyo haielezi mizizi imefikia hatua gani, na mkono mzito huikata. Napendelea kuingiza kijiti pembeni na kuinua kipandikizi kimoja pamoja na udongo wake, au kuotesha katika chombo kinachopitisha mwanga ili niichungulie mizizi bila kuigusa. Mizizi ya kwanza huwa myeupe, haina matawi, na hukatika kwa urahisi mno. Mimi husubiri hadi kadhaa kati yake ifikie sentimita 3 hadi 5 na ianze kutoa vijizizi vyembamba, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoushikilia udongo wakati wa kuhamisha na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kunyonya maji. Mtini huweza kufika hapo katika wiki chache, ilhali vipande vigumu vilivyokatwa mti ukiwa umepukutisha majani huweza kuchukua miezi, ndiyo maana siitegemei kalenda.

Kuchelewa nako kuna madhara. Mchanga wa kuoteshea hauna chakula cha kutosha, mizizi ya vipandikizi jirani husokotana, na ile inayozunguka ukuta wa chombo huendelea kuzunguka hata mti ukishapandwa shambani, hadi pengine iukabe mti wenyewe unaponenepa.

Chungu cha kwanza kiwe kidogo, kikubwa kuliko mizizi kwa vidole viwili hivi, kwa sababu udongo mwingi usiofikiwa na mizizi hubaki na maji, hukosa hewa na kuifanya mizizi ioze. Hamisha jioni, kiweke kivulini kwa wiki moja au mbili, na usitie mbolea ya chumvichumvi mpaka kichipue upya. Zamu ya chungu kikubwa zaidi itafika pale utakapokipindua chungu na bonge la udongo likatoka zima bila kumomonyoka, huku mizizi ikionekana pande zote lakini haijaanza kujiviringisha.