"Juniper" ni mti gani? Majina ya kienyeji ya miti ya vinamasi Marekani ya Kaskazini

Jina la kienyeji ni lile ambalo wenyeji wa mahali wanauita mti wao. Halisajiliwi popote, kwa hiyo jina moja huangukia miti miwili, na mti mmoja ukabeba majina manne.

Chukua "juniper". Pwani ya North Carolina, fundi mashua akiagiza mbao za "juniper" anataka Chamaecyparis thyoides: majani yake ni magamba madogo yaliyolalia kijiti, na mbao ikikauka ina kama kilo 380 kwa mita moja ya ujazo. Taja jina hilohilo Nova Scotia, Kanada, utaletewa Larix laricina, wenye kilo zipatazo 600. Mashua imeshakuwa nzito kabla haijaguswa maji. Mti huu wa pili una majani kama sindano, yanayochipua kwa vishada vya 10 hadi 20; kabla ya baridi kali hugeuka manjano na kupukutika yote, na asiyeujua hudhani umekufa. Kwingine huitwa "tamarack" au "hackmatack". Waunda meli waliupendea pale mzizi unapopinda kutoka kwenye shina: kona hiyo ni ya asili, nyuzi zake zinaifuata bila kukatika, hivyo ilifaa kushikisha boriti ya sitaha kwenye ubavu wa meli.

Na juniper wenyewe, Juniperus virginiana, ndugu wa mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya? Huo wanauita "red cedar", yaani mwerezi mwekundu. Si mwerezi hata kidogo.

Nyssa sylvatica nao una "black gum", ingawa haukamuliwi gundi yoyote, na "tupelo", kutokana na maneno yenye maana ya mti na kinamasi katika Kikriki, lugha ya Wahindi Wekundu wa Marekani. Kisiwani Martha's Vineyard, Marekani, ni "beetlebung": "beetle" ni nyundo ya mti, "bung" ni kizibo cha pipa. Nyuzi zake zimesokotana, hazipasuki kirahisi, ndiyo maana ukafaa kazi hizo.

Kwenye oda, andika jina la kisayansi kwa maneno yake yote mawili. Nyssa peke yake haitoshi: Nyssa aquatica pia ni "tupelo", na mbao ya kitako chake kilichovimba ni nyepesi na laini. Wachonga sanamu za bata huitafuta. Mwenye kutaka nyundo imemharibikia.