Mlokole: sifa au kejeli?

Neno "mlokole" limetufikia kutoka Kiganda, ambako "balokole" ni watu waliookoka. Ndivyo walivyoitwa Wakristo wa uamsho ulioenea katika miaka ya 1930 kutoka Gahini, Rwanda, na Uganda hadi Bukoba, watu waliotubu dhambi zao hadharani, wakaacha pombe, na hawakusita kuwakemea hata viongozi wa kanisa lao wenyewe. Msimamo huo uliwagharimu: mwaka 1941 wanafunzi 26, akiwamo William Nagenda, mmoja wa viongozi wa uamsho huo, walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda.

Kiswahili kililipokea neno hilo katika ngeli ya M-WA, kisha kikazaa "ulokole" na "kilokole". Sketi ya kilokole, kwa mfano, ni ile ndefu isiyoacha goti nje. Hapo ndipo maana ilipoanza kupanuka, kwa sababu kilichotajwa si imani tena bali mwenendo unaoonekana kwa macho. Mtu akisema baani, "Sisi tuletee bia, huyu mlokole mpe soda," huenda hajui kabisa mwenzake anasali wapi, au kama anasali. Ameona tu kwamba anakataa kile ambacho wengine wanakifurahia.

Wapo wanaofafanua mlokole kuwa ni mnafiki, nami sikubaliani nao hata kidogo. Tazama kauli "Usijifanye mlokole." Lawama ya unafiki imebebwa na kitenzi "kujifanya", wala haimo katika nomino, tena kauli hiyo isingeuma kama mlokole wa kweli hangedhaniwa kuwa mtu safi. Mama anayemtafutia mwanawe mchumba akisema, "Binti yule ni mlokole," anamsifu, ilhali vijana wa mtaani wakiyatamka maneno hayohayo wanamaanisha kwamba hatoki usiku, hachezi muziki na atawahukumu wanaofanya hivyo. "Mswalihina", linalotumika zaidi kwa Waislamu, halina makali hayo, maana husifu ucha Mungu bila kudokeza kwamba mhusika anawakagua wenzake.

Wahusika wenyewe wanaposhuhudia, mara nyingi husema "nimeokoka", na "mlokole" hubaki kuwa jina wanaloitwa na wengine. Ndiyo maana nawasihi waandishi wa habari waandike "Mkristo aliyeokoka", au walitaje kanisa lake, isipokuwa pale wanaponukuu maneno ya msemaji.