Posho ya Waaborijini na ukaguzi wa serikali: yanayosemwa na yaliyokuwa

Makoloni ya Waingereza huko Australia yaligawa unga, sukari, chai na mablanketi kwa Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, kila koloni kwa utaratibu wake. Kumbukumbu zipo: orodha za majina, hesabu za magunia, taarifa za tume. Anayezisoma kwa makini hukuta kwamba mengi yanayosimuliwa kuhusu posho hiyo hayana msingi.

"Ilikuwa sadaka ya serikali."

Watu hawa walijilisha wenyewe kwa vizazi. Ng'ombe na kondoo wa walowezi walikula nyasi ambazo mbegu zake zilisagwa kuwa unga, wakachafua maji, na wanyama wa kuwindwa wakapungua. Posho ilifuata baadaye, na mara nyingi lengo lake lilikuwa kutuliza njia za wafugaji. Huko Moorundie, kando ya mto Murray katika Australia Kusini, Edward John Eyre aliwekwa kuwa hakimu na mlinzi wa Waaborijini mwaka 1841, mwaka uleule damu ilipomwagika katika njia ya kuswagia mifugo. Alikuwa akigawa unga kila mwezi mpevu, siku ambayo kila mtu aliijua bila kuambiwa na karani.

Katika Australia Magharibi fedha zenyewe zilikuwa haki iliyoandikwa. Kifungu cha 70 cha sheria ya katiba ya 1889 kilitenga pauni 5,000 kwa mwaka kwa ajili ya Waaborijini, au asilimia 1 ya mapato ya koloni pindi mapato yakizidi pauni 500,000. Dhahabu ikapatikana, mapato yakapita pauni milioni 2, na ile asilimia 1 ikawa zaidi ya pauni 20,000. Mwaka 1897 serikali ya John Forrest ilikifuta kifungu hicho na kurudi kwenye pauni 5,000. Huo si ukarimu. Ni kumpunja mtu haki yake.

"Kila mtu alipewa."

Walengwa walikuwa wazee, wagonjwa, vilema na watoto. Mwenye nguvu aliambiwa akatafute kazi, hata pale ambapo kazi yenyewe haikuwa na mshahara.

"Kiasi kilitosha."

New South Wales, ambako polisi ndio waliogawa sehemu kubwa ya posho, kiwango cha mtu mzima kwa wiki kilikuwa ratili 8 za unga (kilo 3.6), ratili 2 za sukari na robo ratili ya majani ya chai. Mtoto alipata nusu. Kibarua mzungu kwenye mashamba ya mifugo mara nyingi alipewa ratili 8 za unga, ratili 2 za sukari, robo ratili ya chai, na juu yake ratili 10 za nyama. Tofauti ni hiyo nyama.

Ukipiga hesabu, unga na sukari hiyo hutoa kama kalori 2,300 kwa siku, na kwa macho ya karani inatosha. Lakini ni wanga mtupu: protini kidogo, mafuta karibu hakuna, vitamini C hakuna kabisa. Asiyepata mizizi, matunda na nyama ya porini hudhoofika huku anakula kila siku. Tena posho haikuliwa na mwenye jina peke yake. Ikifika kambini, jamaa wana haki yao, na ya mmoja inakuwa ya watatu.

"Wakaguzi walihakikisha chakula kimefika."

Dhana hii ndiyo inayopotosha zaidi, kwa sababu ukaguzi kweli ulikuwepo. Swali ni ulikagua nini. Mgawaji, awe polisi, mmisionari au mfugaji, alijaza fomu ya majina na kiasi, kisha akadai malipo. Ofisini karani alilinganisha fomu na bili, na jumla zikikubaliana, zikalipwa. Huko Australia Magharibi idara ya Mlinzi Mkuu wa Waaborijini, Henry Prinsep, ilimtuma mkaguzi msafiri, G. S. Olivey, mwaka 1899, katika eneo la kilomita za mraba milioni 2.5. Kituo kingeweza kukaa muda mrefu sana bila mtu wa nje kukanyaga ghalani.

Anayesoma hesabu hizi leo aanze na gunia. Gunia la ratili 200 hutoa posho 25 za wiki za ratili nane nane, kwa karatasi. Ghalani kuna fukusi, panya, unyevu na unga unaomwagika wakati wa kupima, kwa hiyo gunia halisi halifiki 25. Kituo kinachoonyesha watu 25 na gunia 1 kila wiki, mwaka mzima, bila upungufu, bila aliyekufa wala mgeni aliyepita, kimeandikiwa hesabu mezani. Halafu tazama mgawaji ni nani. Mfugaji anayelipwa kwa kila kichwa ana faida katika kila jina lisilofutwa, na mzee anayemlisha kwa fedha za serikali huenda alimfanyia kazi bure miaka yote.

Tume ya uchunguzi ya Walter Roth ya 1904, huko Australia Magharibi, ilieleza haya waziwazi. Iligundua kwamba wafanyakazi wengi wa mifugo hawakulipwa mshahara, na kwamba polisi wa kaskazini walipokea posho ya fedha kwa kila mfungwa na shahidi waliyemlisha njiani, kwa hiyo kukamata wengi kuliwaletea fedha nyingi. Watu walitembezwa wakiwa na minyororo shingoni.

"Blanketi lilikuwa jambo dogo."

Kwa New South Wales, orodha za blanketi za miaka ya 1830 ziliuliza jina la Kiingereza, jina la asili, umri wa kukadiria, idadi ya wake na watoto, kabila, na mahali mtu anapopatikana kwa kawaida. Mgao wa mara moja kwa mwaka ukawa pia sensa ya polisi. Wengi walikuwa wameacha majoho ya ngozi ya posamu (mnyama mdogo wa mitini), yanayozuia mvua, wakategemea sufu inayonyonya maji. Gavana Gipps aliposimamisha ugawaji, kamati ya bunge ya 1845 ililazimika kuuliza wilayani madhara yake ni yapi.

"Wenyewe walinyamaza."

Huko Coranderrk, Victoria, kituo kilichoanzishwa 1863 kama kilomita 60 kutoka Melbourne, wakazi walilima hopsi (mmea wa kutengenezea bia) zilizoshinda zawadi ya kwanza kwenye maonyesho ya 1881, huku wakilalamikia uhaba wa nyama na kukosa ujira. Walitembea kwa miguu hadi mjini kuonana na mawaziri. Mbele ya bodi ya uchunguzi ya mwaka huo walitoa ushahidi wao wenyewe, na ombi lao lililoongozwa na mzee wao William Barak lilitaka Bodi ya serikali iliyosimamia vituo vya Waaborijini na mkaguzi wake, Kapteni Page, wasiwe tena juu yao, bali arudishwe msimamizi wa zamani, John Green. Green hakurudishwa. Sheria ya 1886 ikawaondoa vituoni wengi waliohesabiwa kuwa na damu mchanganyiko walio chini ya miaka 34, yaani walewale wenye nguvu za kulima hopsi.