Dawa za majani nyumbani: angalieni shamba lilipo na chupa mnayotumia

Kila Agosti 31 Afrika huadhimisha Siku ya Tiba Asili, na kwetu Mtwara tarehe hiyo hutukuta katikati ya msimu wa kupulizia mikorosho. Mwarobaini au mlonge uliosimama kando ya shamba hupata salfa, yaani kiuatilifu cha ukungu, ileile inayoupata mkorosho. Kisha mtu anachuma majani, anasuuza mara moja, anaweka jikoni. Moto huua vijidudu. Msiutegemee kuondoa kiuatilifu. Chumeni mbali na mashamba, na magome ya mkorosho wenyewe, ambayo wengi huchemsha kwa ajili ya kuhara, yaacheni kabisa msimu huu. Anayehara apewe maji ya ORS, na mtoto aongezewe vidonge vya zinki.

Namna ya kuchemsha sitawafundisha, wengi mnanizidi. Ila chupa iliyowahi kubeba kiuatilifu haitakati, iwe kwa majivu au maji ya moto, na bado tunaletewa dawa ndani ya chupa hizo. Dawa iliyochemshwa leo inywewe leo, ya jana imwagwe. Na jamani, "ni ya asili, haina madhara" si hoja. Mbegu ya nyonyo nayo ni ya asili, na ni sumu.

Mtoto chini ya miezi sita hanywi chochote zaidi ya maziwa ya mama na dawa aliyoandikiwa na mtaalamu, hata awe na chango. Mafuta ya mwarobaini asinyweshwe mtoto mdogo kabisa. Yamewahi kusababisha degedege hata kifo. Degedege yenyewe haitokani na ndege aliyepita usiku. Mara nyingi ni homa kali, na huku kwetu malaria iwaziwe kwanza. Kila saa inayokwenda kwenye mafusho ni saa ambayo mtoto angekuwa ameshapimwa. Mjamzito, na anayetumia dawa za presha au kisukari, amwambie mhudumu kila anachokunywa nyumbani. Hatafokewa, na akifokewa aende kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo cha afya.

Sasa wanaouza. Kumchemshia mwanao ni jambo la nyumbani. Ukianza kutibu watu au kuuza, unaingia chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002. Unaanza serikali ya kijiji au mtaa, unapata barua ya utambulisho, unaipeleka kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, naye anapeleka maombi kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mganga anasajiliwa, na dawa nayo inasajiliwa kivyake baada ya kupimwa usalama. Cheti cha mganga hakisajili dawa. Kutoa tiba bila usajili ni kosa la jinai. Tangazo, hata la kipaza sauti mnadani, linahitaji kibali. "Nilirithi kwa babu" tunaisikia kila wiki. Babu tunamheshimu, fomu ijazwe.

Mwenye shaka na mti fulani aje ofisini kwa mratibu na tawi lenye majani, na maua kama yapo. Unga uliokwisha kutwangwa hatuwezi kuutambua kwa macho.