Siku 21 na dhana nyingine zinazotuvurugia ratiba

"Ukifanya jambo siku 21 mfululizo, linakuwa tabia."

Hii ndiyo iliyonitesa kuliko zote. Inatokana na Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji si chini ya siku 21 hivi kuzoea sura mpya. Lakini kuzoea pua mpya kwenye kioo si sawa na kuzoea kupanga kazi kila asubuhi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijijengea tabia moja ndogo, kama kula tunda pamoja na chakula cha mchana. Ilichukua kama siku 66, na makadirio yalianzia siku 18 hadi 254 kutegemea mtu na jambo lenyewe.

Tena waligundua kitu kisichosemwa sana: kuruka siku moja hakukuharibu lolote la maana. Mimi nikikosa Jumatano tu, daftari nalifunga mpaka mwezi mwingine uanze. Nina kaunta buku tatu ambazo kurasa nne za mwanzo zimejaa, zilizobaki nyeupe pee.

"Mchapakazi hufanya mambo mengi kwa mpigo."

Akili haifanyi hivyo, inarukaruka. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kuwa ukiacha kazi na kuhamia nyingine, sehemu ya mawazo hubaki kule ulikotoka, hasa kama hukuimaliza. Juzi nikiandika ankara nilichungulia kidogo kikundi cha kamati ya harusi kwenye WhatsApp. Niliporudi, jina la mteja nililiandika sawasawa. Kiasi nilichoweka kilikuwa mchango wangu wa harusi. Mteja alilipa haraka sana.

"Tatizo ni kwamba hujapata programu nzuri."

Ile mbinu ya Pomodoro, dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, ambayo sasa ina programu zisizohesabika, Francesco Cirillo aliianza mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi Italia, kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Pomodoro ni nyanya kwa Kiitaliano, basi. Mimi siku hizi naandika kazi tatu za kesho kabla ya kulala, kwenye moja ya zile kaunta buku.

Programu nilijaribu, sikatai. Niliiagiza inikumbushe kupiga simu benki saa tatu asubuhi, nikaandika 3:00. Ikalia saa tisa usiku, na mtoto ndiye aliyeamka wa kwanza.